Subaru ya Bluu na Pilau ya Mama Mkwe

Gari la spidi likishaingia kwenye nyumba ya watu, haliwi tena mali ya aliyelinunua peke yake. Letu ni Subaru Impreza WRX STI ya bluu, iliyoteremka bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Mume wangu ndiye aliyeitamani, akaitafuta, akaiagiza na kuilipia ushuru. Lakini tangu iegeshwe chini ya mwembe wetu hapa Mbezi, inapeleka watoto shule, inampeleka mama mkwe kliniki ya presha, na Jumamosi inarudi kutoka sokoni na mkungu wa ndizi umelala kiti cha nyuma. Ndiyo maana breki zake zilipoanza kulia, kikao kilichokaa kilikuwa cha ukoo.

Nianze na gari lenyewe, maana kisa chote kimo humo. Mume wangu alikua akifuatilia Safari Rally ya jirani zetu Kenya. Mwaka 1997 Colin McRae aliishinda akiwa na Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns akaishinda tena na Impreza, bluu ileile. Kijana aliyeyafuatilia mashindano hayo huku akiunda magari yake ya waya, siku akipata kazi na akiba, huna haja ya kumuuliza atanunua gari gani.

STI yetu ni ile ya herufi GDB. Ina injini ya lita 2 yenye turbo, na nyuma ya rimu zake zinaonekana kalipa za Brembo zilizopakwa rangi ya dhahabu, zenye pistoni nne kila tairi la mbele na mbili kila tairi la nyuma. Vyuma hivyo havikuwekwa kwa urembo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati iliyomo kwenye gari huongezeka mara nne. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati ambayo, ikigeuka joto, inatosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya chai. Ukilisimamisha ghafla, karibu joto hilo lote linaingia kwenye diski na breki pedi ndani ya sekunde chache. Anayechagua breki pedi anachagua kitu kitakachobeba moto huo huku wanawe wamekaa nyuma.

Mlio ulianzia tairi la mbele kushoto. Gari likitembea taratibu unausikia, mwembamba, chuma kwa chuma. Ukikanyaga breki unakatika. Mtoto wetu wa pili ndiye aliyeutambua kabla ya wote. "Baba, gari linapiga filimbi." Breki pedi nyingi zina kijibati kilichokunjwa pembeni. Tabaka la kusugulia likilika mpaka kiwango cha hatari, kijibati hicho hugusa diski na kulia, na kimewekwa makusudi kifanye hivyo. Filimbi yetu ilipigwa wiki ileile wifi yangu alipopiga simu kutoka Lushoto kutujulisha kwamba mahari imepokelewa na harusi ni mwisho wa mwezi. Na barabara ya Mombo kwenda Lushoto, wanaoijua wanajua: kupanda ni kazi ya injini, kushuka ni kazi ya breki.

Fundi alikuja nyumbani Jumapili. Akalegeza nati, akapiga jeki, akaweka stendi, akavua tairi. Ndani kulikuwa na unga mweusi umetanda kila mahali. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu anayeishi nasi, akainama aupulize. Nikamshika bega.

"Shemeji, usipulize. Fundi, tumia kitambaa chenye maji."

Kwa miongo mingi breki zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu, na kwa spea usiyojua ilikotoka huwezi kuapa kwamba hayamo. Watoto walikuwa wamesimama hatua chache tu pale. Fundi hakubisha. Akalowesha kitambaa, akafuta, akakitia kwenye mfuko na kuufunga.

Kisha akagonga pini mbili zinazoshikilia pedi ndani ya kalipa, akabanua bati la springi, akazichomoa pedi moja moja na kuniwekea kiganjani. Upande mmoja ni bamba la chuma, upande wa pili ni lile tabaka la kusugulia. Lilikuwa limebaki milimita mbili hivi, wakati pedi mpya huwa na kumi au zaidi kidogo. Herufi za ukingoni zilikuwa zimeungua hazisomeki.

"Mama, hizi zimebakiza roho tu," fundi alisema.

Akaisugua diski kutu ya pembezoni mpaka yakaonekana maandishi ya unene wa mwisho unaoruhusiwa, akapima kwa venia. Diski zilikuwa bado ndani ya kiwango. Tukashukuru, kwa sababu pedi mpya juu ya diski iliyokonda ni pesa inayotupwa.

Baada ya chakula cha usiku, hoja ikawekwa mezani. Mume wangu alitaka pedi zilezile gari lilizokuja nazo kutoka kiwandani. Shemeji akasimama kabisa kuongea.

"Kaka, hili ni gari la rali. Ukiliwekea breki za teksi unalidhalilisha. Nina rafiki anayeshindana, ana seti ya pedi za mashindano haijaguswa."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, ungo mapajani, anachambua mchele. Hakuinua macho. "Mimi nataka breki inayoshika tukifika getini, na inayoshika tukishuka Soni kutoka Lushoto. Mengine ni yenu."

Nilisema niliyokuwa nimeyasoma, na nayarudia hapa kwa sababu ndiyo kiini cha uchaguzi wenyewe. Breki pedi zinazouzwa kwa magari madogo zina makundi makubwa yanayojulikana. Lipo kundi la nyuzi laini zilizofungwa kwa gundi ya resini, pamoja na ndugu zake wanaoitwa seramiki. Hizi zina utulivu, hazipigi kelele, haziachi unga mwingi kwenye rimu, na zinashika tangu asubuhi gari likiwa baridi. Lipo kundi la nusu chuma, lililochanganywa nyuzi na unga wa chuma. Hili linahimili joto zaidi, lakini lina unga mwingi na kelele kidogo, na linakula diski haraka zaidi. Halafu kuna pedi za mashindano. Nyingi kati yake huanza kushika sawasawa zikishapata joto la nyuzi 100 au 200 na kuendelea, joto ambalo dereva wa mashindano hulifikia kwenye kona chache za mwanzo na hulitunza mpaka mwisho. Mama anayepeleka mtoto shule kwenye foleni ya barabara ya Bagamoyo hafiki huko asubuhi nzima.

Kikao kikavunjika bila mwafaka. Mume wangu akaamua kuanza na alichokijua, akaenda Kariakoo, mtaa wa Gerezani, ambako spea za magari zimepangwa kuanzia sakafu mpaka dari. Akarudi na boksi zuri lililoandikwa Impreza. Fundi akaitwa. Akaishika pedi, akaielekeza kwenye kalipa, akaigeuza, akaielekeza tena. Haikuingia. Mabega yake yalikuwa ya umbo jingine, na matundu ya pini hayakuwepo mahali pake.

Sababu ni hii. Katika kizazi kile cha Impreza, WRX ya kawaida ni GDA na STI ni GDB. Kwa mbali ni ndugu wa tumbo moja. Ukivua tairi unakuta breki tofauti. Zile za Brembo zinataka pedi za Brembo, na jina la gari juu ya boksi halikwambii lolote kuhusu kalipa iliyomo. Kinachokwambia ni namba ya chesisi, na pedi ya zamani ukiwa umeibeba mkononi. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu, "Bosi, Impreza ni Impreza." Ukutani kwake kuna lile tangazo la maduka mengi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mume wangu alirudi huko mara mbili, akazungumza kwa upole, akabadilishiwa kwa vichujio vya oili na plagi. Siku zikawa zimepungua.

Hapo ndipo shemeji alipopata nafasi yake. Jioni moja alikuja na seti ya pedi za rafiki yake, orijino kabisa, zenye umbo la kalipa zetu. Ziliingia bila kusukumwa. Mume wangu aliangalia kalenda ya harusi, akaangalia pedi, akasema zifungwe. Fundi alinyamaza kidogo kabla ya kuchukua spana. "Nafunga, mzee. Ila hizi zinataka moto."

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi mama mkwe alikuwa anakwenda kwenye arobaini ya jirani yetu wa zamani, naye hajawahi kwenda msibani mikono mitupu. Alikuwa ameamka alfajiri kupika pilau, akaipakia kwenye hotpoti kubwa, akaifunga na khanga, akakaa nayo mapajani kiti cha mbele. Kutoka chini ya mwembe hadi getini kwetu kuna mteremko mfupi. Mume wangu akawasha gari, akaliachia liteleze taratibu, na alipokaribia geti akakanyaga breki kwa uzito uleule anaoukanyagia siku zote.

Diski zilikuwa zimelowa kwa mvua, pedi zilikuwa za baridi, mpya, hazijazoeana na diski. Gari halikusimama pale linaposimama kila siku. Akakanyaga kwa nguvu zaidi, likasimama, lakini bampa lilikuwa limeshaligusa geti, na geti likalia mtaa mzima ukasikia. Hotpoti ikaondoka mapajani mwa mama mkwe. Kifuniko kikaenda upande wake. Pilau ilitua kwenye dashibodi, kwenye gia, katikati ya viti, na ndani ya matundu ya kiyoyozi ambako tulikuja kuokota punje za mchele na mbegu za iliki.

Hakuna aliyeumia. Mama mkwe alishuka mwenyewe, akajikung'uta khanga, akatazama geti lililobonyea, akamtazama mwanawe.

"Baba, mimi nitapanda bodaboda."

Na alipanda. Mwanamke wa umri wake, na hotpoti tupu, kwa sababu hakutaka kufika bila hata chombo. Nilimwona mume wangu akibaki ameshika usukani, na sitaficha kwamba siku ile niliogopa zaidi nilipowaza kwamba mbele ya geti pangekuwepo mtoto. Pedi zile hazikuwa mbovu. Zilitengenezwa kwa ustadi mkubwa kwa ajili ya kazi nyingine. Kwenye uwanja wa mashindano zingemwokoa dereva pale ambapo pedi za kawaida zingechemka na kuacha kushika. Getini kwetu, asubuhi baada ya mvua, hazikuwa na la kufanya.

Kwa siku zilizofuata gari lilikaa chini ya mwembe. Mama mkwe alitangaza kwamba hatalipanda tena mpaka yeye mwenyewe aridhike, na harusi ni ya binti yake, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito wa amri. Jioni nilikaa naye barazani nikamsaidia mchele. Nikamsimulia habari ya Bertha Benz.

Mwaka 1888, Ujerumani, Karl Benz alikuwa ametengeneza gari lake la injini na watu hawakuliamini. Mkewe Bertha akaondoka nalo asubuhi bila kumuaga mumewe, akiwa na watoto wao wawili wa kiume, Eugen na Richard, kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Breki za gari lile zilikuwa vipande vya mbao vinavyobana gurudumu. Kwenye miteremko zilianza kuisha. Bertha akasimama kijijini kwa fundi viatu, akamwambia azipigilie ngozi. Ngozi ile juu ya mbao ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa tabaka la kusugulia tunalolinunua leo kwenye maboksi.

"Alikuwa anakwenda wapi na watoto?" mama mkwe akauliza.

"Kwa mama yake."

Akatikisa ungo. "Basi huyo alijua anachokifanya. Mtu anayepeleka wajukuu kwa bibi yao hakubali breki ya kubahatisha."

Nikamwongezea habari ya Mwingereza Herbert Frood, ambaye mwaka 1897 alianza shughuli ya breki baada ya kuona wenye mikokoteni ya farasi kwenye vilima vya Derbyshire wakifunga magurudumu kwa viatu vikuukuu. Jina la kampuni yake, Ferodo, lilipatikana kwa kupanga upya herufi za jina lake na kuongeza E ya mkewe Elizabeth. Mama mkwe alilipenda hilo la Elizabeth. Tangu jioni ile alianza kuuliza maswali kuhusu breki kwa namna ya mtu mwenye hisa, na ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.

Mume wangu akataka kumaliza jambo. Akaletewa pedi nyingine na mtu wa kati, bei ya kutupa, boksi lenye nembo kubwa. Safari hii niliomba nizione kabla ya pesa kutoka. Nilizishika chini ya taa ya jikoni. Rangi ya boksi ilikuwa imefifia mkunjoni, neno moja limekosewa herufi. Niligeuza pedi nikatafuta maandishi ukingoni. Hapakuwa na kitu. Bamba la chuma lilikuwa na kingo zenye makali yasiyosawazishwa, na tabaka la kusugulia lilikuwa limekaa upande kidogo, halilingani na bamba.

Breki pedi ya maana huwa inajieleza. Ukingoni au mgongoni utakuta jina la mtengenezaji, namba ya mchanganyiko, na mara nyingi herufi mbili zinazofuatana, kama EF, FF au GG. Herufi ya kwanza inaeleza jinsi inavyoshika kwenye joto la kawaida, ya pili inaeleza jinsi inavyoshika ikiwa moto. E ni kipimo cha msuguano cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi hizo hazikupi kila kitu, kwa sababu hupimwa kwenye kipande kidogo maabara na si kwenye gari zima, lakini zinakuonyesha kwamba kuna mtu alipima. Za soko la Ulaya huwa na alama ya E yenye namba ya nchi, pamoja na namba ya kanuni ya 90 ya breki za kubadilishia. Pedi isiyo na neno hata moja mwilini mwake haina anayeisimamia.

Fundi akaomba ruhusa ya kuhakikisha. Akaibana moja kwenye jiriwa, akaingiza patasi kati ya bamba na tabaka, akagonga mara moja. Tabaka likatoka zima, limeacha chuma kitupu na doa la gundi iliyokauka. Kwenye mteremko wa Lushoto, kipande kile kingebaki barabarani na chuma kingebaki kwenye diski. Watoto waliokuwa wakitazama walinyamaza. Mume wangu akamrudishia mtu wa kati boksi lake bila ugomvi, akakaa kwenye ngazi ya baraza, akaniambia, "Mama watoto, tufanye kwa utaratibu wako."

Utaratibu wenyewe haukuwa wangu, ni wa yeyote anayejali. Tulianza kwa kuandika matumizi yetu halisi ya gari, na kila mtu wa nyumba akasema lake. Foleni kila siku. Mvua ya masika. Watoto. Bibi mwenye presha asiyetakiwa kushtuliwa. Mara chache barabara kuu, mwendo wa kufurahi wa mume wangu, ambao sikutaka kumnyima. Na milima ya Usambara mara mbili au tatu kwa mwaka, gari likiwa limejaa watu na mizigo. Orodha ile ilichagua yenyewe: pedi za barabarani za daraja la juu, zinazoshika zikiwa baridi na zenye akiba ya joto kuliko za kawaida.

Tukaenda duka linaloagiza kwa namba ya chesisi. Kijana wa kaunta akaandika GDB na namba zake, akauliza mwaka, akaomba kuiona pedi ya zamani, akailaza juu ya mpya, kingo kwa kingo, tundu kwa tundu. Tulinunua za mbele na za nyuma, maana pedi hubadilishwa ekseli nzima na si tairi moja, na mbele na nyuma zikitofautiana sana tabia, gari hupoteza mizani likifunga breki. Tukachukua na mafuta ya breki ya DOT 4. Mapya hayachemki mpaka nyuzi 230, lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na kipimo cha chini kinachokubaliwa yakishanyonya ni nyuzi 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyezeka, na pedali inazama mpaka sakafuni hata kama pedi ni za dhahabu. Kwa anayeshuka milima, kubadilisha pedi na kuacha mafuta ya miaka mingi ni kazi nusu.

Fundi alifunga kwa saa kadhaa. Zile pedi za mashindano zilikuwa zimeacha tabaka lao juu ya diski, kwa hiyo alizisugua diski kwa msasa kwanza, ili pedi mpya zijenge lao. Kabla ya kusukuma pistoni ndani, alipunguza mafuta kwenye kikopo chake, kwa sababu yakifurika yanatafuna rangi ya gari. Asubuhi ya Jumapili mume wangu na mimi tulikwenda kipande kilichonyooka mbele ya Bunju, barabara ikiwa tupu. Akapandisha mwendo, akafunga breki kwa uthabiti bila kusimama kabisa, akapandisha tena, akarudia na kurudia, kisha akaendesha muda mrefu bila kugusa breki ili zipoe. Kazi hiyo huhamisha tabaka jembamba la pedi kwenye diski na kulisambaza sawasawa. Ukiiruka, tabaka linakaa kwa mabaka, na wiki chache baadaye usukani unatetemeka kila ukifunga breki, watu wakidhani diski imepinda.

Ukabaki mtihani wa mama mkwe. Alikataa kusimuliwa. Alijaza maji kwenye bakuli, akakaa nalo kiti cha mbele bila kifuniko, akamwamuru mwanawe azunguke mtaa mzima na arudi getini. Tulisimama barazani wote tukiwatazama wakiondoka. Waliporudi, gari liliteremka mteremko wetu, likapunguza mwendo, likasimama hatua tatu kabla ya geti kama linavyotakiwa. Mama mkwe akafungua mlango, akamwagia maji yale mche wa mpera.

"Tunakwenda harusini," alisema.

Tulikwenda. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu tukaanza kupanda, kona juu ya kona, maporomoko ya Soni upande mmoja, migomba na mashamba ya mboga upande wa pili, mpaka Lushoto iliyoko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Harusi ilikuwa ya heri, na pilau ya mama mkwe safari hii ililiwa na wageni.

Mtihani mkubwa ulikuwa kurudi. Kutoka Lushoto mpaka Mombo unateremka mita 1,000 hivi. Ukipiga hesabu, gari lolote linaloshuka mita 1,000 linatoa nishati sawa na kusimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa mara 25. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo na injini ukiiruhusu. Iliyobaki yote ni ya breki. Mume wangu alishuka kwa gia ya chini, injini ikilizuia gari, breki akizitumia kwa vipindi, anakanyaga kwa uthabiti kabla ya kona na kuziachia zipumue baada ya kona. Hakuna harufu ya kuungua iliyopanda. Tulipofika Mombo pedali ilikuwa ngumu na iko juu kama tulipoondoka. Mama mkwe alikuwa amelala tangu Soni, na kwa mtu anayeifahamu barabara ile tangu utotoni, hicho kilikuwa cheti tosha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye gari la spidi, au mwenye mume, mwana au shemeji mwenye gari la spidi: usiende dukani kabla hujaandika maisha ambayo gari hilo linaishi kweli, tangu asubuhi ya baridi mpaka mlima mkubwa unaoupanda. Nenda na namba ya chesisi na pedi ya zamani mkononi. Soma ukingo wa pedi kabla ya kusoma bei. Nunua ekseli nzima, badilisha mafuta, zifundishe pedi kazi kabla hujaziamini na watu. Shirikisha wote wanaopanda gari hilo, kwa sababu breki ni zao pia. Na fundi akimaliza kufunga, kaa kwenye usukani ukanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu chini ya mguu. Isipokuwa ngumu, gari lisiondoke.